Dirisha la Bibi na Magodoro Kumi na Saba

Wazazi, walezi, majirani, na ninyi mnaosoma mkiwa mmesimama: kaeni. Jambo hili ni zito, nami nimeagizwa nilieleze bila mzaha. Nitajitahidi.

Jumamosi moja asubuhi nyumbani kwetu kulikuwa na amani tele. Mama, ambaye kazi yake ni kufua na kunyoosha nguo za watu, alikuwa akipiga pasi shati la mtu mnene. Mdogo wangu wa kike alikuwa akihesabu matone ya maji yaliyodondoka kutoka darini mpaka kwenye sufuria. Mimi nilikuwa nimerudi likizo ndefu kutoka shule ya bweni, nimelala chini ya meza, kichwa ndani, miguu nje ya mlango, kwa sababu watu wanne katika chumba kimoja cha kupanga hulala kwa zamu au kwa hesabu. Ndipo Baba akarudi kutoka kwenye kibanda chake cha kunyolea watu, ameshika fomu kama mtu aliyeshika jogoo aliyeshinda.

Kulikuwa na shirika moja la Wakristo lililojenga nyumba za bei nafuu pembeni mwa mji. Halikumpa mtu nyumba ya bure. Kila Jumamosi familia nzima ilifika kujenga, bega kwa bega na watu wa kujitolea, na ulijenga ya jirani kabla ya kujenga yako. Ukishahamia, ulilipa kidogo kidogo, bila riba. Familia ya watu wanne ilipata vyumba viwili. Familia inayoishi na mzee iliongezewa cha tatu, ili mzee naye apate mahali pa kuweka mifupa yake. Kupangisha kulikatazwa kabisa.

"Msomi," Baba akaniambia, "wewe una mwandiko mzuri. Andika: watu watano."

"Watano? Baba, paka alishakufa."

"Shangazi yangu je? Si mtu?"

Mama akaiweka pasi chini. "Shangazi yupi? Yule uliyemwona mara ya mwisho kabla huyu binti hajaota meno?"

"Mke wangu, damu haina kalenda."

Mama alimtazama, akaitazama sufuria ya matone, akaishika tena pasi. Wala msimlaumu Mama peke yake. Kalamu niliishika mimi. Niliandika hivi: *Tunaishi na bibi yetu mpendwa, ambaye ndiye taa ya nyumba yetu.* Niliipenda sentensi ile mpaka nikaisoma mara mbili kwa sauti.

Taa yenyewe ilikuwa stoo. Bibi, ndiye huyo shangazi, alimlea Baba tangu akiwa na miaka mitatu, alipofiwa na wazazi wake, akamlea hadi akaota ndevu na kujifunza kunyoa za wengine. Kisha Baba akaoa, akapata shughuli, na Bibi akawekwa stoo nyuma ya duka la binamu mmoja muuza rangi, katikati ya makopo. Alikaa humo miaka sita. Tulipomfuata alikuwa na mfuko mmoja na meno manne.

Njiani nilimfundisha. "Bibi, wakikuuliza, sema unaishi nasi."

"Na nikisahau, mume wangu?"

"Kohoa."

Siku ya mahojiano alikohoa kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho. Wale watu wa shirika walimletea maji, wakampa kiti chenye mto, wakatupitisha. Nilijiona nina akili kama shetani. Sasa ninajua kwamba kile kikohozi hakikuwa cha kuigiza.

Kazi ikaanza. Fundi mkuu tulimwita Pimamaji, kwa kuwa hakuiachia pimamaji yake hata wakati wa kula. Ilikuwa ni ile rula nene yenye kichupa cha maji ndani, na povu dogo linalokaa katikati ukuta ukiwa sawa. Kila asubuhi aliomba sala fupi: "Ee Bwana, saidia kuta zisimame na midomo ikae. Amina." Pembeni yake alikuwepo daktari wa meno, mtu wa kujitolea, mpole kupita kiasi, aliyepiga misumari kama anayeiomba radhi. Vidole vyake vilipata shida sana.

Tulimwekea Bibi kiti kivulini, akakikataa. Alitaka kazi. Pimamaji akampa ndoo ya misumari iliyong'olewa kwenye mbao za kumwagia zege, yote imepinda. Bibi akatafuta jiwe, akaazima nyundo ndogo, akaanza: ko, ko, ko. Msumari mmoja mmoja ulitoka mikononi mwake umenyooka.

"Bibi, si wanunue mipya tu?" nilimuuliza.

"Msumari uliopinda si mbaya, mume wangu. Umekosa tu mtu wa kuugonga upande wa pili." Akaninyooshea nyundo. "Wewe nawe nikikupata siku moja!"

Shirika lilikuwa na desturi moja. Kila mtu wa nyumba alichagua kitu kimoja katika nyumba, kisha akakiweka kwa mkono wake. Mama alichagua rafu ndefu. Mdogo wangu alichagua mlango wa kijani. Baba alichagua mahali pa kioo, bila shaka. Mimi nilichagua tundu la kuchungulia wageni.

"Nawe, Bibi?" Pimamaji aliuliza.

"Dirisha. Liwe chini. Madirisha ya watu yote yamewekewa waliosimama. Mimi siku nzima ninakaa."

Basi wakaketi wote wawili chini, yeye na fundi, wakapima kwa kiwango cha macho yake. Hakuna nyumba nyingine mtaa mzima yenye dirisha kama lile, lililo karibu na ardhi kiasi kwamba kuku angeweza kusalimia. Siku ile fremu ilipowekwa, daktari wa meno alimwona Bibi akilowesha mkate kwenye chai ndipo aumeze. Jumamosi iliyofuata alikuja na vifaa vyake, akamchukua kipimo cha fizi papo hapo, kati ya mchanga na saruji.

"Nitakuletea meno kwako," akamwambia. "Kwako, mbele ya dirisha lako."

Tulihamia. Bibi alikaa mbele ya dirisha lake Jumapili tatu. Aliwajua majirani wote kwa viatu.

Baada ya Jumapili ya tatu Baba akasema, bila kumtazama usoni, "Shangazi, chumba chako tunakipaka rangi upya. Rudi kule kwa siku mbili tatu."

Yaani mwanamke alirudishwa kwenye stoo ya rangi kwa ajili ya kupaka rangi! Hata mimi, ambaye niliwahi kulifanya bweni zima liyaimbie maharage wimbo wa mazishi, sikuthubutu kucheka. Niliubeba mfuko wake.

"Unabeba vizuri, mume wangu," alisema njiani. "Shule inawafundisha."

Kesho yake akaja mpangaji wetu wa siri, mfanyabiashara wa magodoro. Yeye mwenyewe hakulala pale. Magodoro yake ndiyo yaliyolala, kumi na saba, yamepangwa mpaka darini, yakaziba lile dirisha kabisa. Mama alipita kwenye ule mlango akiwa ameinamisha kichwa kama anayepita kwenye msiba. Mdogo wangu aliuliza rangi itakauka lini. Nilimwambia ni rangi ya pekee. Mnaona jinsi uongo ulivyokuwa mwepesi kwangu.

Wiki ya pili, Jumamosi mchana, mlango ukagongwa. Nikachungulia kwenye tundu langu. Nikamwona daktari wa meno ameshika kiboksi cheupe, na nyuma yake Pimamaji na pimamaji yake.

"Tumemletea Bibi meno!" daktari alisema kwa furaha, akakifungua kile kiboksi mezani. Meno yakatuchekea wote.

"Ametoka kidogo," alisema Baba.

"Tutamsubiri."

"Huenda akachelewa."

"Leo hatujengi," alisema Pimamaji, akakaa.

Tukakaa. Meno yakaendelea kucheka. Jasho lilimtoka Baba mpaka kwenye masikio. Hatimaye akanigeukia, kwa sababu katika nyumba ile mtaalamu nilikuwa mimi. "Msomi, si wewe uliyemsindikiza? Hebu waambie yuko wapi."

Nilikuwa na majibu sita tayari. Yuko kanisani, yuko kwa jirani, yuko kwa mganga wa macho. Nikayatazama yale meno yaliyotengenezwa kwa ajili ya kinywa kimoja tu duniani, nikaona nikisema lolote kati ya hayo sita, kinywa kile kitaendelea kulowesha mkate huko kwenye makopo mpaka siku kitakapofumbwa.

"Yuko chumbani kwake," nikasema, nikasimama. "Karibuni mumwone."

"Msomi!" Baba akaruka, lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Nikauvuta mlango kwa nguvu zote. Wapendwa, magodoro hayana subira. La juu lilianguka, likafuatwa na ndugu zake, na daktari wa meno akatoweka chini yao akisema, "Samahani, samahani."

Hakuna aliyecheka. Pimamaji aliruka magodoro, akasukuma yaliyobaki, akafika dirishani. Akachuchumaa. Akaweka pimamaji juu ya kizingiti cha dirisha, akalitazama lile povu.

"Dirisha bado limenyooka," alisema taratibu. Kisha akamtazama Baba. "Shangazi yako yuko wapi?"

Baba akaanza kuokota godoro. Aliyejibu ni Mama, akilia. Nami nikamaliza: fomu, kikohozi, taa ya nyumba yetu. Nilisema yote.

Tulikwenda sote. Bibi alikuwa amelala kati ya makopo, anahema kwa shida, harufu ya rangi imejaa mle ndani. Baba akapiga magoti sakafuni.

"Shangazi, nisamehe. Nilikudanganya."

"Hukunidanganya," Bibi alisema. "Nilijua tangu mwanzo. Mtu hakukumbuki miaka sita, halafu anakukumbuka akiwa na kalamu mkononi?"

"Sasa kwa nini ulikuja?"

"Nilitaka kuona kama nyumba itakurudisha. Nikiwa nagonga misumari nilikuwa nakutazama wewe."

Alilazwa siku kumi na moja. Wakati huo kamati ya shirika ilikaa. Kanuni ilikuwa wazi: nyumba ingepewa familia nyingine. Mama alianza kukunja mapazia. Lakini kabla ya kuamua, kamati ilimuuliza aliyedhulumiwa anataka nini.

"Msiwatoe," Bibi alijibu. "Lakini yule mwanangu amepinda. Mpeni jiwe langu na nyundo."

Ndivyo ilivyokuwa. Hati ya nyumba iliandikwa upya kwa jina la Bibi, na kila Jumamosi, mpaka leo, kinyozi mmoja maarufu hukaa juu ya ndoo mbele ya watu wote akinyoosha misumari ya nyumba za wengine. Mwezi wa kwanza alifunika uso kwa kofia. Siku hizi haivai. Juzi nilimsikia akimwambia baba mmoja mgeni, aliyekuja na fomu mkononi, "Ndugu yangu, andika kweli. Kaa hapa nikueleze."

FUNZO

Enyi watu wazima, msimkumbuke mzee siku mnapohitaji hesabu ya vichwa. Mzee si chumba cha ziada. Aliyekubeba ulipokuwa huna meno, usimtupe anapobaki hana yake. Nyumba iliyojengwa na mikono mingi huvunjwa na tamaa ya mmoja, na shirika liwe la kidini namna gani haliwezi kumjengea mtu moyo. Hilo ni zege la kumwaga mwenyewe.

Nanyi vijana wenzangu wenye mwandiko mzuri: kalamu inayoandika uongo wa baba ni kalamu yako, si ya baba.

Bibi sasa anakula mahindi ya kuchoma mbele ya dirisha lake, kwa kelele za makusudi. Anasema meno ni ya kusikika. Nami sijaweza kutoroka nyumbani hata mara moja, maana nikipita nje kwa kunyata, viatu mkononi, sauti hutokea chini usawa wa magoti yangu:

"Mume wangu, hata miguu mitupu naijua. Rudi ndani."