King'ora cha Chumba cha Barafu

Mabruki alikutwa asubuhi ya Ijumaa ndani ya chumba cha barafu cha kuhifadhia samaki, Mkoani, amekakamaa kwa baridi chini ya kitufe cha king'ora. Mlango ule hujifunga wenyewe, na kitasa chake cha ndani kilivunjika zamani. Anayebanwa mle hana ila kitufe hicho.

Polisi walipokibonyeza, king'ora kililia hadi bandarini. Basi kesi ikaonekana nyepesi. Yussuf, mlinzi, alikuwa langoni usiku kucha. Tena mwezi uliopita alipeleka posa kwa dada yake Mabruki, na Mabruki akaikataa mbele za watu. Alikisikia king'ora akanyamaza kusudi, watu wakasema, na maiti haijazikwa wameshamhukumu. Shitaka la mauaji likaanza kuandaliwa.

Sajenti Mwanawema alimhoji mahabusu.

"Mie sikusikia king'ora, Afande. Wallahi."

"Leo kimelia, Yussuf. Hata viziwi wamekisikia."

"Jana hakikulia. N'lichoona ni taa za mbele ya duka la samaki tu, zazima zawaka, zazima zawaka. Nkasema ndo umeme wetu huu."

"Mtaa mzima ulikuwa hivyo?"

Yussuf alifikiri. "Hapana. Taa zile tu."

Jibu hilo lilimkera Mwanawema. Mwongo angejitungia uongo unaoingia akilini.

Baada ya swala ya Ijumaa alimwita Fundi Ishak, aliyeunda mitambo ya chumba kile. Ndiye pia aliyefika wa kwanza asubuhi, kuzima baridi ili maiti itolewe. Alikuja na kanzu yake safi, akafungua kisanduku cha mitambo.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu, fundi."

"Hii chipu kuu, ndiyo ubongo. Pini zake ziliisha: vipimajoto, mota, kitufe cha ndani. Nikaiongezea chipu hii, ina pini nane, nikafunga king'ora. Baadaye tajiri mwenye duka akataka taa za mbele, nikaongeza hii ya pili."

"Chipu kuu inajuaje inaiamuru ipi?"

"Kila moja ina anwani yake. Naipa kwa vitone hivi vya lehemu."

"Na anwani zikifanana?"

"Hazifanani. Tazama mwenyewe."

Mwanawema alitazama. Kote kulipakwa rangi ya kucha, ile isiyoonekana, ambayo mafundi wa huku huitumia kuzuia chumvi ya bahari. Ilikuwa imegeuka manjano na kushika vumbi. Juu ya kitone kimoja tu iling'aa, na ilikuwa bado inanuka.

"Hii umeipaka lini?"

"Zamani, pamoja na nyingine."

Akaiangalia mikono ya fundi. Kucha za gumba na shahada zilikwanguliwa kwa wembe mpaka zikatoa damu.

"Na hizi?"

"Magamba ya samaki, Afande."

Mwanawema alicheka bila furaha. Yeye mwenyewe hukwangua hivyo rangi ya kucha kila baada ya harusi, maana rangi huzuia maji yasifike kwenye kucha, na udhu hausihi.

"Asubuhi ulipaka, ikakugusa. Mchana ukasimama safu ya mbele msikitini. Hukuthubutu kuswali na rangi kuchani, ila kumsingizia mtu ulithubutu."

Ishak aliegemea ukuta.

"Anwani zilikuwa moja," alisema. "King'ora kikiamriwa kilie, chipu zote mbili hutii, na taa huzima. Papo hapo taa huamriwa ziwake tena, king'ora hukatika hakijatoa sauti. Sikukijaribu, Afande. N'likuwa na haraka. Leo n'lipomwona Mabruki nkajua, nkaibadilisha anwani kabla hamjafika."

"Na Yussuf?"

"Vipaza sauti vya misikiti nafunga mie. Majokofu ya watu natengeneza mie. Nani angeniita tena?"

"Kwa hiyo Yussuf anyongwe, wewe uendelee kuitwa fundi!" Mwanawema alifoka. Akamtia pingu.

Jioni alimfungulia Yussuf mlango wa mahabusu, akamweleza yote. Kwenye kaunta ya kituo, mama yake, Bi Ummkulthum, alikuwa akilia kwa furaha.

"Njoo, mwanangu! Allah kakutoa!"

Yussuf hakuinuka. Alikuwa anamtazama Mwanawema kama anayengoja aambiwe si kweli.

"Mabruki akiniita mie," alisema. "Kwa taa zile, usiku kucha akiniita."

Mwanawema aliuacha mlango wazi.

"Mwambie mama atangulie nyumbani, Afande," Yussuf alisema, akageukia ukuta.