Walimu Kumi na Wanne wa Kwenye Karatasi

Kila siku kinyozi alifungua duka lake saa moja asubuhi. Alifuta kioo, akapaka mashine mafuta, kisha akawasha redio. Wateja wake walipenda siasa kuliko muziki.

Wiki ile gumzo lilikuwa moja tu: walimu wa shule za serikali. Waziri alisema wanatosha. Mbunge wa upinzani alisema wanapungua kila mwaka. Dukani nako watu waligawanyika.

"Walimu wapo, bwana!"

"Wapo wapi? Nionyeshe hata mmoja!"

Kinyozi alikata nywele tu. Wateja wake walikuwa wa pande zote mbili. Ukimuudhi mteja leo, kesho ananyolewa kwingine.

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, diwani wa kata alikuwa kwenye kiti. Shavu moja lilikuwa limenyolewa, la pili lina povu. Mara binti wa kinyozi akaingia na sare ya shule. Alikuwa darasa la tano.

"Shikamoo baba. Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba. Mbona mapema hivi?" baba yake akauliza.

"Hatuna mwalimu wa hesabu. Wengine wanacheza tu, mimi nimechoka."

"Anaumwa?"

"Hapana. Yule wa muda aliondoka. Tangu muhula uanze hajaja mwingine."

Kinyozi alifungua daftari la hesabu la binti yake. Ukurasa wa kwanza una tarehe. Wa pili una tarehe. Wa tatu pia. Chini ya tarehe hapakuwa na kitu.

"Tunaambiwa tuandike tarehe, tusubiri," binti akasema.

Diwani alicheka. "Usimsikilize huyo. Shule yetu ina walimu kumi na wanne. Orodha nimeiona kwa macho yangu. Hawa watoto ni watoro tu."

Binti aliinamisha uso. Kinyozi akarudi kwenye shavu la pili, akalimaliza. Lakini mchana kutwa hakutulia. Alikaa, akainuka. Alimkata mteja mmoja sikioni kidogo, akaomba radhi mara tatu.

Jioni alimsimulia mke wake, aliyekuwa akifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini.

"Na wewe ukanyamaza?" mke akauliza.

"Ningemwambia nini? Mwenye jengo la duka ni shemeji yake. Tukifukuzwa pale tutakula nini?"

"Mtoto wako anaitwa mtoro mbele yako! Wembe ulikuwa mkononi. Ulimi ulikuwa wapi?"

Kinyozi aliinuka. Alitoka nje akazunguka ua. Jirani yao, Bi Karani, alikuwa anaanua nguo. Watu walimwita hivyo kwa sababu alikuwa karani wa ofisi ya elimu kwa miaka ishirini, kabla ya kustaafu.

"Jirani, unazunguka kama umepoteza ufunguo. Kuna nini?"

Kinyozi akamweleza. "Diwani anasema wako kumi na wanne. Mwanangu anasema wa hesabu hayupo. Nani mwongo?"

"Pengine hakuna mwongo," Bi Karani akasema. Aliweka nguo begani. "Ofisini hatukuwa tunahesabu watu. Tulihesabu majina. Mwalimu akistaafu au akihamishwa, jina lake linaweza kubaki kwenye orodha mwaka mzima. Jina likibaki, nafasi yake inaonekana imejaa. Nafasi iliyojaa hailetewi mtu."

"Sasa sisi tufanye nini? Tupige kelele redioni?"

"Kelele haijazi fomu. Nendeni wazazi kadhaa kwa mwalimu mkuu. Ombeni kuiona orodha, kisha hesabuni walioko madarasani. Kamati ya shule iandike barua kwa ofisa elimu. Muandike nafasi zilizo wazi, masomo yake, na tangu lini. Barua igongwe mhuri siku inapopokelewa, na nakala mbaki nayo. Bila mhuri, watasema hawajaiona."

Kesho yake kinyozi, mke wake na wazazi wengine wanne walikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alisita.

"Niliwahi kuandika, sikujibiwa," alisema. "Nikiandika tena, wataniita mpinzani."

"Safari hii tunaandika sisi wazazi," mke wa kinyozi akamjibu. "Wewe tuonyeshe orodha tu."

Majina yalikuwa kumi na manne. Walimu waliokuwa wakifundisha walikuwa tisa. Kamati ikakaa, barua ikaandikwa, mhuri ukagongwa.

Wiki ya pili ukaitishwa mkutano wa hadhara. Chama hiki kikapiga makofi, chama kile kikazomea. "Wanatosha!" "Hawatoshi!" Kinyozi alisimama na nakala mkononi.

"Sikuja kuuliza nani mkweli," alisema. "Kumi na wanne ni kweli, wako kwenye karatasi. Na tisa ni kweli, wako darasani. Mmoja amestaafu. Wawili wamehamishwa. Mmoja yuko masomoni. Na mmoja, mwalimu wa hesabu, tulimzika mwaka jana. Mheshimiwa diwani, na wewe ulikuwepo makaburini. Lakini kwenye orodha bado anafundisha darasa la tano."

Makofi yakakoma, na kuzomea kukakoma. Diwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nipe hiyo nakala," alisema kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo diwani hakuonekana dukani wiki tano. Kila mlango ulipofunguliwa, kinyozi alidhani ni mwenye jengo amekuja kumtoa. Wateja wawili wa upande wa diwani walihama. Mke wake alimwambia, "Tulia. Hujamtukana mtu."

Mwezi wa pili tangu barua ipelekwe, walimu watatu wapya walifika shuleni. Mmoja alikuwa wa hesabu. Nafasi mbili bado zilikuwa wazi, na kamati ikaandika barua nyingine. Mwalimu mkuu naye alibandika orodha ukutani, na kila mwisho wa mwezi wazazi wawili walikuja kuilinganisha na walioko madarasani. Binti wa kinyozi alianza kurudi saa tisa, na mazoezi ya kugawanya yaliyomshinda hata baba yake.

Jumamosi moja diwani akaingia dukani. Alikaa kwenye kiti bila kusalimiana na wengine.

"Ninyoe."

Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akaanza kazi.

"Shule ile ya ng'ambo ya barabara," diwani akasema. "Orodha yake nani anaihesabu?"

"Bado hakuna mtu, mheshimiwa."

"Waambie wazazi wake wakahesabu. Wakishapata mhuri, waniletee nakala. Safari hii nataka kuzijua namba kabla sijasimama jukwaani."