Kidoko Kwenye Chumba cha Kamusi

Haya yalimfika jirani yangu, mtunga kamusi, mchana kweupe, dirisha wazi na chai yake bado ya moto. Asiyeamini shauri yake.

Kamusi ile ya Kiingereza na Kiswahili aliianza na dada yake miaka kumi na minne iliyopita, nao walikuwa na desturi yao. Mdogo anasoma kadi ya neno kwa sauti. Dada, macho kwenye vitabu vyake, anajibu kwa kidoko tu, ulimi kwenye kaakaa. Kimoja ni kosa. Viwili, pita. Sasa Dada alikuwa na miezi mitatu kaburini, na mdogo ameshalifuta jina la marehemu kwenye jalada.

"Miaka yote barua zilikuja kwa jina lake," alimwambia mchapishaji kwenye simu. "Mimi nilikuwa wa kumchemshia chai. Safari hii zamu yangu."

Zilibaki kadi chache. Akashika ya neno "click", akaisoma kwa sauti, maana mazoea yana taabu.

"Maana ya kwanza: mlio mfupi, mkavu, kama wa kitasa kinapofunga."

Ta, ta.

Akainua macho. Mjusi, akajiambia.

"Ya pili: kubofya kitufe cha kompyuta. Ya tatu: watu kupatana mara tu wanapokutana."

Ta, ta.

Mlio ulitoka kwenye kiti cha Dada. Kiti kilikuwa kitupu.

"Asili yake," akaendelea, "limeiga mlio wenyewe."

Ta, ta.

Mwingine angetimua mbio. Yeye alipandwa na hasira. Yaani hata kafa, bado anamkagua! Akavuta jalada, akasoma: "Mtungaji," kisha jina lake, peke yake.

Ta.

Kimoja. Karibu. Sikioni.

"Dada," akanong'ona, "niachie kitabu hiki kimoja tu."

Ta.

"Umeshakufa wewe!"

Ta.

Alilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha uchungu kuliko woga. Kisha akalituma jalada vilevile. Chumba kikanyamaza, na hakusikia tena kitu.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Watu walipanga foleni, naye akatia saini kwa madaha, nakala baada ya nakala, hadi mchapishaji alipofungua moja akamwinamia.

"Mama, mbona unasaini jina la marehemu?"

Akatazama. Zote. Mwandiko wa Dada, herufi zimelalia kushoto. Akaomba kalamu nyingine. Akaandika polepole, herufi moja moja, huku akijitamkia jina lake mwenyewe. Likatoka la Dada.

Hadi leo hawezi kuliandika lake. Nakala yangu ninayo kabatini. Aliisaini nikiwa nimesimama mbele yake. "Kwa jirani mwema," imeandikwa, na chini yake jina la mwanamke ambaye nilisaidia kumzika.