Koti la Shaushi

Mikono ya koti ilikuwa imeshonwa. Haikuwa kiraka wala pindo. Ilikuwa imefungwa kabisa, huku na huku, kwa uzi mnene mkavu ambao Nyanjige aliukwaruza kwa ukucha akajua si wa dukani. Ulikuwa mshipa wa ng'ombe. Shingoni vilevile, kola ilikuwa imebanwa kwa mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiyejua kushona, mtu aliyekuwa na haraka.

"Nani anashona koti ili lisivalike?" Nyanjige aliuliza.

Mwalimu Protas alicheka. Alikuwa Mchaga aliyefundisha historia Bariadi miaka ishirini na minane, akastaafu, kwao asirudi. Sasa aliongoza kikundi cha historia, na siku za Nanenane walitaka kuonyesha kule viwanja vya Nyakabindi jinsi vita vya Mjerumani vilivyopita Usukumani. Watu kumi na wawili wangepanda jukwaani wamevaa kama askari wa wakati ule.

"Sitaki nguo za maigizo, fundi," alisema. "Nataka nakala halisi. Kaki ileile, mishono idadi ileile, vifungo mahali palepale. Mwenye koti hili akifufuka leo, asijue lipi ni lake."

Koti alilipata Bukundi, kwa kijana mmoja aliyelitoa chini ya sanduku la babu yake. Lilikuwa la shaushi, ndivyo walivyoitwa masajini wa askari wa Mjerumani, kama makoplo wao walivyoitwa ombasha, na juu ya mkono wa kushoto alama tatu nyekundu za cheo zilikuwa bado zinang'aa, kana kwamba zimebandikwa jana.

Nyanjige hakuwa mtu wa kukataa kazi ngumu. Bariadi nzima ilijua kwamba ukimwonyesha gauni mara moja, kesho yake atakupa pacha wake. Basi mchana uleule, saa sita, alichukua wembe akaifumua ile mishipa. Mshono wa mwisho ulipokatika, koti likashusha pumzi. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Lilishuka mezani kama kifua cha mtu aliyebana hewa muda mrefu, na dukani pakajaa harufu ya jasho, ya ngozi iliyolowa na ya tumbaku.

Mumewe, Mashimba, ambaye kazi yake ilikuwa kukata vitambaa na kupiga pasi, aliinua kichwa.

"Umeniita, mama Masalu?"

"Sijakuita."

"Kuna mtu kaniita." Alikunja uso. "Kaniita ombasha. Hata silijui hilo jina. Lakini nimeitika."

Nyanjige alicheka, akamwambia ni joto. Lakini alifungua madirisha yote mawili.

Koti la kwanza alilimaliza kwa siku mbili. La pili alilishona kwa haraka kidogo. Pale penye mishono minane kwenye lisani, kile kifuniko cha mfuko, yeye akatia saba, nani angehesabu? Alikwenda uani kula ugali, aliporudi akakuta mfuko umefumuliwa. Haukuchanwa. Ulifumuliwa taratibu, na uzi wake umezungushwa vizuri juu ya meza, duara moja dogo. Alimuuliza Mashimba, Mashimba akaapa hakugusa. Alishona tena saba, kwa ubishi tu. Akatoka, akarudi. Uzi ulikuwa mezani.

Aliposhona minane, mfuko ukaachwa.

Hapo ndipo alipopaswa kusimamisha kazi, na baadaye alijilaumu kwa hilo. Lakini aliona aibu kuogopa koti. Akaendelea, la tatu, la nne, la tano, na kwa kuwa Mashimba ndiye aliyekuwa na kifua sawasawa na kile cha shaushi, kila koti lilipokamilika alilivaa yeye ili lipimwe. Kila siku, saa sita.

Mabadiliko yalimwingia kidogo kidogo. Alianza kula akiwa amesimama. Usingizini alinyooka kama gogo, viganja vimebana mapaja. Aliacha kumwita mkewe mama Masalu, jina alilomwita tangu binti yao azaliwe, akawa anasema "wewe." Siku makoti yalipofika kumi na moja, bibi mmoja aitwaye Milembe alikuja kuchukua sketi yake, akaegemea mlango kupumzisha mgongo. Mashimba akachukua rula ya mbao akamchapa kwenye kifundo cha mkono.

"Nyoosha mwili," alisema, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Hamsa ishirini."

Bibi Milembe alirudi nyuma. Hakuwa amezaliwa wakati wa Mjerumani, lakini kila nyumba ya wazee huku imesikia maneno hayo. Ni viboko ishirini na tano, vilivyohesabiwa kwa sauti huku mtu amelazwa chini.

Nyanjige alimsindikiza bibi hadi barabarani akimwomba radhi, mkono wa yule mama ukivimba ndani ya mkono wake. Alipogeuka, alisikia cherehani inalia. Mashimba alikuwa ameketi mahali pake, anashona koti la kumi na mbili. Mashimba, ambaye katika miaka thelathini ya ndoa hajawahi kuunganisha hata foronya! Miguu yake ilikanyaga pedali kwa mpigo mmoja, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na macho yake hayakuangalia sindano, yaliangalia ukutani.

Nyanjige alimpigia simu Mwalimu Protas, na kwa Protas akaipata namba ya yule kijana wa Bukundi. Aliyepokea hakuwa kijana. Ilikuwa sauti ya mzee, babu yake.

"Mikono mmeifumua?" mzee aliuliza kabla hata ya salamu.

"Nimeifumua."

"Nakuja."

Alifika kesho yake karibu na saa sita, nyuma ya pikipiki, mwili mzima vumbi. Aliitwa Ngeleja. Alikuwa mfumu, mganga anayetafutwa na watu kutoka mbali, lakini mlangoni mwa duka alivua kofia kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkubwa, wala hakutaka kuingia. Ilibidi wazungumze uani.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, baba. Niambie huyu ni nani."

Ngeleja alizungumza kwa kunong'ona, akiangalia dirisha. "Babu wa baba yangu alichukuliwa upagazi. Walifungwa kamba shingoni, wakabebeshwa mizigo ya vita. Shaushi huyu alimchapa mdogo wa babu mpaka akafa, kwa sababu alikaa chini bila amri. Basi shaushi naye homa ikamuua njiani, na babu akalichukua koti, akalishona mikono, yule mtu asipate pa kutolea kiboko."

"Mbona hakulichoma?"

"Aliogopa. Waliochoma vitu vya namna hii, jini liliingia kwa aliyewasha moto. Na hili si roho ya mtu tu sasa, mayu. Ubaya ukikaa mahali pamoja miaka mingi, jini hupata nyumba. Linavaa sauti yake, linavaa cheo chake. Sisi kila mwaka tunalipa kondoo mweusi, tunalipigia saluti, linatulia. Wewe umeliongezea nyumba kumi na mbili."

"Sasa tufanyeje?"

"Tumpe heshima yake. Nimekuja na dawa, kondoo tutatafuta. Ukubali kumaliza kazi kama anavyotaka, upige magoti, umwite bwana. Huenda akamwachia mumeo."

"Huenda?"

Mzee alitazama tena dirisha.

"Miaka mia na zaidi mnamlisha kondoo," alisema Nyanjige, na sauti yake ikaanza kupanda, "mnampigia saluti, wajukuu na vitukuu, mnamwogopa mtu aliyekufa kwa homa. Kwa nini aondoke, baba? Mahali gani pengine atapata watumishi kama ninyi?"

Ndani ya duka cherehani ikanyamaza.

"Hesabu!" sauti ikasema.

Haikuwa sauti ya Mashimba, ingawa ilitoka kifuani mwake, na Nyanjige aliyekimbilia mlangoni aliona mumewe amesimama katikati ya duka amevaa koti la kumi na mbili, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni, na nyuma yake, kwenye waya yalikotundikwa, yale makoti mengine kumi na moja yalikuwa yanajaa polepole, vifua vikitanuka, mabega yakipanda, mikono iliyo mitupu ikinyooka na kubana ubavuni, na kutoka kwenye kola ya kwanza, mahali ambapo hapakuwa na shingo wala kinywa, ikatoka sauti kavu ikasema moja, na ya pili ikasema mbili, na ya tatu ikasema tatu, moja baada ya nyingine hadi kumi na moja, jua la saa sita likiwaka nje na malori ya pamba yakipita barabarani kana kwamba hakuna jambo lolote, na mwishowe Mashimba akafungua mdomo na machozi yakimtiririka akasema, "Kumi na mbili."

Nyuma ya Nyanjige, mzee Ngeleja alikuwa amepiga saluti. Hakukusudia. Mkono wake ulipanda wenyewe.

"Fundi," ilisema sauti. "Simama wima."

Magoti ya Nyanjige yakanyooka. Alihisi mgongo wake unavutwa juu kama uzi, mikono inateremka kubana ubavu, kidevu kinapanda. Kitu cha kutisha zaidi ni kwamba kulikuwa na raha ndani yake, raha ndogo ya kuacha kufikiri. Akauma ulimi mpaka akaonja damu.

"Nalema," alisema.

Ni neno la Kisukuma. Nimekataa, ndiyo maana yake. Ile sauti ikasita, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoifahamu.

"Simama!"

"Nalema! Hili ni duka langu. Nimesimama nilipotaka, na sasa natembea."

Akatembea. Kila hatua ilikuwa kama kuvuta mguu kutoka kwenye matope ya mbuga wakati wa masika. Alichukua wembe mezani, akamfikia mumewe, akajaribu kifungo cha kwanza. Kilikuwa cha moto, hakikufunguka. Basi akaachana na vifungo. Alijua koti linashikana wapi. Yeye ndiye aliyelishonea nakala kumi na moja, na kila mahali palipo na nguvu alipatia yeye nguvu hiyo. Akaanzia begani.

"Hamsa ishirini," sauti ilisema, na pigo la kwanza likatua mgongoni kwake. Hakuona kiboko. Alisikia tu kinavyokata hewa, na blauzi yake ikapasuka.

"Moja," makoti yakahesabu.

Alikata mshono wa bega. Pigo. Mbili. Alikata wa kwapa. Pigo. Tatu. Wembe ukamchana kidole gumba, akaendelea, na kila pigo lilipotua aliongea, hakulia, aliongea na mumewe kwa sauti ya kila siku. "Baba Masalu, nisikilize mimi. Inua mkono huu. Wewe si ombasha wa mtu. Wewe ni Mashimba wa Nkoma, unayeogopa nyuki, unayeunguza pasi kila Jumamosi. Inua mkono." Kwenye pigo la tisa alijua hatafika ishirini na tano.

"Nipe wembe," mtu alisema kando yake.

Alikuwa mzee Ngeleja. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeinuka nusu, kama umekwama kwenye paji la uso, lakini wa kushoto aliunyoosha. Kwenye kopo la nyembe pale mezani kulikuwa na wembe wa pili. Akauchukua, akasogea kwenye waya, akalishika koti la kwanza kifuani.

"Babu alikuogopa," alimwambia, meno yanagongana. "Baba alikuogopa. Mimi nimekuogopa miaka sabini na moja. Nimechoka nawe."

Akakata. Pigo la kumi lilimwangukia yeye, akapiga yowe, akakata tena. Makoti yakaanza kukosea hesabu. Moja lilisema kumi na mbili, jingine kumi na mbili tena, jingine likarudi nne, na kadiri mishono ilivyoachia, sauti zikawa upepo, upepo ukawa vumbi la kaki. Nyanjige alivuta mshono wa mwisho wa mgongo, koti likamwachia Mashimba vipande viwili, naye akaanguka juu ya mkewe, mzito, wa moto, analia kama mtoto. Wakasikia buti. Zilitoka mlangoni, zikavuka uani, zikashika barabara, na mbwa wote wa mtaa wakaingia uvunguni bila kubweka.

Hawakupumzika. Walifumua yote kumi na mbili, na lile la asili pia, mpaka alasiri.

Mwalimu Protas alipokuja, Nyanjige alimpa mfuko wa vipande.

"Umeharibu historia!" alisema Protas. "Koti la miaka zaidi ya mia!"

"Historia ipo yote humo, Mwalimu, hata kifungo kimoja hakijapotea. Itandaze juu ya meza kule Nyakabindi, watu waione. Lakini mtu haingii tena ndani yake." Akamgeuzia mgongo, akashusha blauzi kidogo. Protas aliziona alama tisa za kiboko. Akaubeba mfuko kwa mikono miwili.

Lakini tusidanganyane. Jini halikwenda mbali. Wiki tatu baadaye, saa sita, Mashimba alikuwa anakata kitambaa cha mapazia. Nyanjige aliona mkasi umesimama. Visigino vya mumewe viligongana, kidevu kikapanda, na ile harufu ya tumbaku ikapita dukani. Kutoka nje, mahali karibu sana, sauti ikasema, "Simama."

Nyanjige alishika wembe, akainuka. Mashimba akamzuia kwa macho. Jasho lilimtoka, mishipa ya shingo ilivimba, magoti yakatetemeka kwa muda ambao mkewe aliuona kama mwaka mzima.

Kisha, polepole, bila kuguswa na mtu, akakaa chini.

"Nalema," alisema, akaomba maji.