Mkaguzi Mwenye Vidole Sita

Kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, Akidi alikuwa na kazi tatu: kuwasha sigiri, kufagia uani, na kumzuia mdogo wake Ojok asile kile alichokwisha kukifagia. Kazi ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Ojok alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Alizaliwa na vidole sita katika mkono wa kulia, na kwa desturi ya Waacholi mtoto wa namna hiyo huitwa Ojok. Baba yao alipenda kusema kwamba Mungu aliona wingi wa vitu ambavyo mtoto huyo angevishika duniani, akamwongezea kidole kimoja cha akiba.

Walikaa katika nyumba za kampuni, chini ya kilima cha Kyambogo. Baba yao, mzee Komakech, alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha mablanketi. Wenye kiwanda walikwisha kuondoka nchini, na serikali ya kijeshi ilikuwa imemleta Kapteni mmoja kukiongoza. Kapteni hakujua lolote kuhusu mablanketi, lakini alijua sana kukimbia. Wiki yake ya pili alitangaza Mpango wa Afya ya Wafanyakazi. Tangu siku hiyo, kuanzia karani mkuu hadi mpishi, wote waliuzunguka uwanja wa kiwanda kila asubuhi huku wakiimba.

"Mfanyakazi mgonjwa ni kama bunduki iko na kutu!" Kapteni alipaza sauti. Kisha akamwangalia mtunza stoo. "Wewe Komakech, tumbo yako iko na cheo gani? Kila siku inafika kazini mbele yako!"

Watu wote walicheka, na Komakech mwenyewe akacheka kuliko wote. Siku hizo mzaha wa mtu mwenye bastola kiunoni haukukosa wa kuucheka.

Hata hivyo, watu waliendelea kutofika kazini, wakidai migongo inawauma. Kapteni akakasirika, akamwita Sista Kulusum, muuguzi wa zahanati ya kiwanda. Sista alikuwa mwanamke mfupi ambaye hakuwa na haraka wala woga. Alifungua daftari lake, akavaa miwani.

"Afande," alisema, "watu hawa hawaumwi migongo. Wanaumwa watoto. Huyu, mtoto wake alimwagikiwa na chai ya moto. Huyu, wa kwake alimeza kifungo. Huyu alikaa hospitali ya Mulago siku tatu kwa sababu mwanawe alitumbukia kwenye pipa la maji. Wazungushe uwanja mpaka wawe wembamba kama sindano, lakini kama nyumbani hakuna usalama, kazini hawatafika."

Kesho yake amri ikatoka.

Jioni hiyo Komakech aliisoma karatasi mbele ya familia yake, kwa sauti ya mtu anayesoma habari redioni. "Jumamosi saa nne, nyumba zote zitakaguliwa. Visu, nyembe, dawa, sindano na mafuta ya taa viwekwe mahali ambapo mtoto hafiki. Nyumba itakayoonekana salama itapewa kilo mbili za sukari. Nyumba itakayokutwa na kasoro, mwenye nyumba atakimbia raundi kumi mbele ya wafanyakazi wote."

Mama yake Akidi aliacha kuchambua maharagwe. "Umesema sukari?"

"Nimesema raundi kumi," Komakech akajibu, akijifuta jasho ingawa alikuwa hajakimbia hata hatua moja.

Sukari ilikuwa haijaonekana dukani kwa miezi mitatu. Akidi alikuwa akinywa chai yenye chumvi, na kila alipomeza alikunja uso. Usiku huo aliota kijiko kimejaa mpaka kinamwagika.

Ijumaa baba alipigilia kulabu kubwa kwenye boriti ya paa. Jumamosi asubuhi, mama alichukua kanga yake aende kupanga foleni ya sabuni.

"Akidi, vitu vyote vya hatari vitie kwenye kile kikapu kikubwa, ukitundike kwenye kulabu. Kikiwa kizito, mwite baba yako akusaidie. Yuko nyuma ya nyumba ananyoa ndevu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Akidi alivikusanya vyote: visu viwili, nyembe za akiba, pasi ya mkaa, dawa za kikohozi, na ile chupa ya mafuta ya taa. Hiyo ilikuwa chupa ya soda. Baba alikuwa amepata mafuta hayo kwa shida, akayaficha ndani ya chupa ya soda na kuiziba kwa gunzi la mahindi, ili majirani wasijue wakaja kuazima. Akidi alipanda kigoda, akajaribu kukiinua kikapu. Hakikuinuka. Akajaribu tena, kigoda kikayumba. Huko nje watoto walikuwa wameanza kucheza kwepena, mchezo wa kurushiana mpira na kuukwepa, na mpira wa majani ya migomba uligonga dirisha.

"We Akidi! Unazaa huko ndani?" Alikuwa Cleopas, mtoto wa jirani, ambaye wazazi wake walitoka Kenya. Alichungulia dirishani. "Timu yetu imepungukiwa!"

"Kikapu kizito."

"Kumbe hujui? Sisi tumesukuma kila kitu chini ya kitanda. Safu nzima imefanya hivyo. Wewe umeshaona Kapteni anapiga magoti?"

Akidi hakuwahi kuona jambo hilo. Basi alivisukuma vitu vyote chini ya kitanda, akashusha shuka lililotariziwa maua mpaka likagusa sakafu. Kikapu alikijaza magunzi makavu, akakifunika kwa kitambaa, akakitundika kwa mkono mmoja. Mama aliporudi na nusu mche wa sabuni, alitazama juu.

"Umeviweka vyote?"

"Nimeviweka, mama," Akidi alisema.

Saa nne kamili wakaguzi wakaingia. Kapteni alitangulia, fimbo kwapani, viatu vimeng'arishwa. Sista Kulusum alifuata na daftari, na nyuma yao karani aliyekumbatia mfuko wa sukari kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Komakech alisimama wima karibu na mlango, tumbo limevutwa ndani hata akashindwa kupumua.

Sista alitazama sigiri: ilikuwa juu ya meza ya matofali. Alitazama pipa la maji: lilikuwa na kifuniko, na jiwe juu yake. Kapteni alikigonga kikapu kwa fimbo, kikabembea huku na huku.

"Kikapu hii inacheza dansi," alisema. "Lakini iko juu. Mzuri sana!"

"Nyumba hii haina kasoro," Sista akasema, akaandika.

Karani akanyoosha mikono. Komakech akapokea mfuko wa sukari na kutoa pumzi, tumbo likarudi mahali pake. Mama alipiga vigelegele kidogo, kwa adabu. Akidi alizitazama chembe nyeupe zikionekana kupitia karatasi iliyochanika pembeni. Ndipo alipogundua kwamba hamwoni Ojok.

Shuka la kitanda lilikuwa linatikisika.

Kutoka chini ya kitanda ilisikika sauti ndogo ya chupa ikibingirika kwenye saruji, kisha ikanyamaza. Hakuna mwingine aliyeisikia. Akidi aliiangalia sukari. Alimwangalia baba yake, ambaye kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa anatabasamu. Akisema, sukari itaondoka na baba atakimbia. Asiposema...

"Ojok yuko chini ya kitanda!" alipiga kelele. "Na mafuta ya taa yako huko! Na visu! Niliviweka mimi!"

Komakech alirusha sukari mikononi mwa karani, akajitupa sakafuni, akaingia chini ya kitanda kichwa mbele. Kichwa kiliingia. Mabega yaliingia. Tumbo likakataa.

"Nimekwama!" sauti ilitoka chini. "Shikeni miguu!"

Mama alivuta mguu mmoja, karani akavuta wa pili kwa mkono mmoja huku mwingine umeng'ang'ania sukari. Dirishani Cleopas alikuwa analia kwa kicheko. Kapteni alitupa fimbo yake. "Acheni mguu! Inua kitanda!" akaamuru, na kwa kuwa kila mtu alikuwa na kazi, alikiinua mwenyewe.

Ojok alikuwa ameketi katikati ya visu na dawa, kama mfalme barazani. Mkono wenye vidole sita ulikuwa umeishika chupa barabara, naye alikuwa anaguguna gunzi lililoiziba. Gunzi lilikuwa limetoka nusu. Kapteni akamnyang'anya chupa, gunzi likabaki katika meno ya Ojok, na mafuta yote yakamwagika juu ya viatu vya Kapteni.

Hata Cleopas aliacha kucheka.

Loice, mama yake Cleopas, aliingia mbio na kikombe. "Mpeni maziwa! Mtapisheni!"

"Hapana!" Sista Kulusum alisema. Alimtoa Ojok gunzi mdomoni, akamnusa, akasikiliza kifua chake. "Upande huu wa gunzi ni mkavu. Hakuonja hata tone, ashukuriwe Mungu. Lakini sikilizeni nyote: mtoto akinywa mafuta ya taa, asitapishwe wala asipewe maziwa. Mafuta yakirudi kooni huingia kwenye mapafu. Abebwe mbio hospitali."

Kapteni aliviangalia viatu vyake. "Nani alifanya hii?" aliuliza taratibu.

"Ni mimi, afande," Komakech alijibu kutoka sakafuni, vumbi limejaa kichwani. "Nyumba ni yangu."

"Si baba!" Akidi akasema. "Ni mimi. Nilitundika magunzi, nikamdanganya mama kwamba nimeviweka vyote juu."

Sista alimtazama, kisha akatazama dirishani. "Na ni nyumba ngapi nyingine zimeficha vitu chini ya kitanda?"

Kichwa cha Cleopas kikatoweka. Kapteni akatoka nje, na muda si mrefu vitanda viliinuliwa safu nzima. Chini ya kila kitanda palikuwa na duka zima la hatari.

"Nami nimekosa," Sista alisema. "Nimekagua kwa macho ya mtu aliyesimama. Mtoto hasimami tu, hutambaa. Afande, ongeza zoezi jipya. Kila mfanyakazi atambae nyumbani kwake, chumba kizima, mikono na magoti."

Sukari ikarudi ofisini. Jumatatu Komakech alikimbia raundi kumi pamoja na wenye nyumba wa safu nzima, na Akidi, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, aliomba akimbie naye. Katika raundi ya saba baba alisema huku akihema, "Mwanangu... ungeniita tu... nikushikie kikapu. Dakika moja. Sasa tazama!"

Asubuhi hiyohiyo Kapteni alifika kazini na uvimbe kwenye paji la uso. Hakuna aliyethubutu kuuliza, lakini mwenyewe alimnong'oneza Sista: alikuwa ametambaa chini ya meza ya nyumbani kwake, na huko akakuta wembe wake.

Jumamosi iliyofuata Sista Kulusum alirudi kwa Komakech, karani nyuma yake na ule mfuko wa sukari. Hakufungua daftari. Alivuta kigoda, akaketi, akamweka Ojok sakafuni.

"Leo sikagui mimi," alisema. "Anakagua huyu."

Ojok alikwenda kwenye meza, akapapasa. Hakupata kitu. Alivuta mlango wa kabati; ulikuwa umefungwa kwa kamba. Aliingia chini ya kitanda, akakaa huko muda mrefu. Alitoka na mpira wa kwepena tu. Akautupa, akaketi chini, akaangua kilio cha hasira.

"Mkaguzi amelia," Sista akasema. "Nyumba imepita."

Alimwita Akidi, akamshika bega. "Mwanangu, mimi huja siku moja, tena kwa kutanguliza barua. Ndugu yako hukagua kila siku, na hapigi hodi. Mkaguzi kama mimi unaweza kumdanganya, ukapata sukari. Ukimdanganya huyu, utapata msiba. Lakini siku ile uliacha sukari ukasema kweli, na ndiyo maana leo yupo hapa anatupigia kelele. Kazi ya usalama haifanywi ili ionekane. Hufanywa ili mtoto akue."

Jioni walikunywa chai yenye sukari waliyopewa, na Akidi hakukunja uso. Sukari iliyobaki mama aliitia kwenye kile kikapu cha vitu vya hatari. Akidi alikijaribu, akakikuta kizito, akamwita baba yake. Wawili hao wakakitundika juu. Ojok alisimama chini yake, akakinyooshea mkono, vidole vyote sita.