Dawa ya Shangazi

Asubuhi hiyo Eliufoo alitafuna makande kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili, nyuma kabisa, kulikuwa na jino lililotoboka. Punje ya mahindi ikithubutu kupita huko, jino lilimpigia ngoma mpaka sikioni.

"Baba Anaeli, mbona unakula kama unaiba?" aliuliza Dorkas, mkewe.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Sahani imejaa."

"Nimesema nimeshiba, Mama Anaeli."

Ukweli hakuweza kuusema. Muda si mrefu uliopita, jirani yao Hezroni alishuka mjini Same kung'olewa jino. Akarudi na shavu limevimba, akasimulia mwenyewe kwamba alilia. Eliufoo alimcheka. Alimcheka kwenye mnada wa tangawizi. Alimcheka penye bomba la maji. Akamwiga akilia, mbele ya kwaya nzima. Sasa mzee wa kanisa mwenye mdomo kama huo angepandaje gari kwenda kung'olewa jino? Watu wa kijiji chao, Mamba, wangetoka na viti kumsubiri barabarani.

Basi akanyamaza na jino lake.

Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la sungura. Mwenye sungura hasa alikuwa Dorkas. Kikundi cha akina mama wa usharika kilimpa sungura jike kwa sharti moja: akizaa, majike wawili waende kwa mama anayefuata kwenye zamu. Anayefuata alikuwa Lukia, jirani wa chini ya njia. Sungura huyo walimwita Shangazi, kwa sababu aliwatazama watu kama wamekuja kumwomba kitu. Sasa Shangazi alikuwa na watoto wachanga, manyoya ndiyo kwanza yanaota. Chakula chao kilikuwa maziwa yake tu. Shangazi akifa, watoto wanakufa, na zamu ya Lukia inakufa nao. Na Lukia alikwishajenga banda.

Siku hiyo Dorkas alipeleka majani bandani, akarudi mbio.

"Baba Anaeli, njoo. Shangazi amenasa."

Sakafu ya banda ilikuwa ya waya wenye matundu mapana. Eliufoo mwenyewe ndiye aliyeuchagua. Mguu wa nyuma wa Shangazi ulikuwa umepenya kwenye tundu. Walipomnasua, waliona vidole viwili vimevunjika na nyama imechanika. Shangazi hakutoa sauti hata kidogo.

Dorkas akampigia simu Ummy, daktari wa mifugo aliyekuwa akipanda mlimani mara kwa mara kutoka Same. Ummy alisema atafika kesho yake asubuhi. Wafunge kidonda kwa kitambaa safi, wamweke mahali pakavu.

Jioni Dorkas akatoa majani yote bandani. Akatoa na maji.

"Unamnyima?" aliuliza Eliufoo.

"Kesho anapasuliwa. Mimi nilipopasuliwa kumzaa Anaeli, nilikatazwa kula tangu usiku. Unadhani upasuaji ni mchezo?"

Eliufoo hakuwahi kupasuliwa, kwa hiyo akafunga mlango wa banda.

Asubuhi Ummy akafika kwa pikipiki, koti la mvua mwilini na sanduku la dawa nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Daktari. Karibu. Mgonjwa huyu hapa." Eliufoo akapenyeza mkono bandani, akamtoa Shangazi kwa masikio.

"Mzee, masikio si mpini," alisema Ummy, akampokea haraka. "Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe matako. Akining'inia na kurusha miguu, anaweza kuvunjika mgongo. Amekula nini leo?"

Dorkas akajibu kwa fahari. "Hajala kitu, Daktari. Tangu jana jioni. Hata tone la maji."

Ummy akaweka sanduku chini. "Nani amekufundisha hivyo, mama?"

"Hospitali."

"Hospitali walikuambia wewe, si sungura. Mtu hazuiwi kula bure. Akilazwa usingizi kwa dawa anaweza kutapika, matapishi yakaingia kwenye mapafu. Sungura hawezi kutapika. Tumbo lake ni kama mashine ya kusaga, linataka chakula kipite muda wote. Likisimama, linajaa gesi, na linaweza kumuua. Mpe majani na maji sasa. Tutasubiri."

Shangazi alipewa majani. Alikula kidogo, huku akiwatazama kama watu waliochelewa kuleta.

Baadaye Ummy alimchoma sindano ya kumtuliza. Akamnyoa manyoya juu ya mkia, akapasafisha. Kisha akatoa sindano nyembamba na kuiingiza polepole mwishoni mwa mgongo.

"Hiyo naijua," alisema Dorkas. "Ndiyo niliyochomwa mimi."

"Ni ndugu yake. Hii ni ganzi ya mgongo. Mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari za maumivu kichwani. Dawa hii inaifunga njia hiyo kwa muda. Nusu ya nyuma haitasikia kitu. Lakini ni kazi ya daktari. Mtu asiyefundishwa asijaribu."

Eliufoo alikohoa. "Daktari, samahani. Sungura anachomwa sindano ya mgongo kama mama mzazi? Huyu hata hakulia."

"Mzee, sungura ni kitoweo cha mwewe, cha paka pori, na cha sisi. Akilia anajitangaza kwamba amezidiwa. Kwa hiyo anaficha. Kutolia siyo kutoumwa."

Jino la Eliufoo likagonga mara moja. "Hm," akasema.

Ummy akaminya mguu wa Shangazi kwa koleo. Haukutikisika. Ndipo akakata vile vidole viwili, akashona. Alipomaliza alimlaza kwenye boksi lenye nguo ya joto, asirukeruke kabla miguu haijapata nguvu. Kisha akatoa kichupa.

"Ganzi itaisha leo. Hapo ndipo maumivu yanapoanza. Hii ni dawa ya maumivu. Kila siku mnywesheni kwa bomba hili lisilo na sindano, mpaka kwenye alama hii. Akiumwa hatakula, na asipokula hana maziwa. Nani atakuwa anampa?"

Dorkas alikuwa na safari ya semina ya akina mama huko Mwanga. Akamtazama mumewe.

"Nitampa mimi," alisema Eliufoo. "Kwani kuna kazi gani?"

Dorkas aliondoka. Kesho yake Eliufoo akaenda bandani na kichupa mkononi. Shangazi alikuwa amejikunyata pembeni, kimya. Eliufoo akamtazama vizuri. Hakulia. Hakurusha teke. Ametulia kama mzee wa kanisa kwenye mahubiri.

"Wewe mbona mzima," alimwambia. Kisha akaongeza hoja. Akipata nafuu si ataanza kuruka na kufumua nyuzi? Afadhali maumivu yamshike mahali pamoja.

Jino likapiga ngoma. Eliufoo akafungua kichupa na kunusa. Kilinukia asali.

"Mwenye shida hapa ni mimi," alimwambia Shangazi, akageuka asimwone, akanywa.

Jino likapoa kidogo. Siku iliyofuata akanywa tena, na kichupa kikaisha. Baada ya hapo jino likarudi na hasira za mtu aliyefungiwa nje.

Dorkas aliporudi, alipita bandani kabla ya kutua mzigo. Majani yalikuwa vilevile. Mavi yalikuwa machache, madogo kama mbegu za ulezi. Watoto walikuwa wamelegea, matumbo yamebonyea. Akampigia Ummy. Lukia naye akasikia sauti, akapanda mbio.

"Nina nusu ya kidonge cha kichwa nyumbani," alisema Lukia. "Nikilete?"

"Usimpe, mama," Ummy alijibu kwenye simu. "Dawa ya mtu inaweza kumdhuru. Nipo jirani hapa Mamba, nakuja."

Alipofika, alimpakata Shangazi na kumpapasa tumbo.

"Anaumwa sana. Njooni mwone. Sungura mwenye maumivu anajikunyata hivi, mgongo juu. Macho anayafumba nusu. Anasaga meno, sikilizeni, hiyo kr-kr-kr. Anakaa peke yake. Na chakula anakiacha."

Dorkas alisikiliza kwa makini. Kisha akageuka polepole. Kwenye kigoda penye mlango wa jiko alikaa mumewe. Amejikunyata, mgongo juu. Macho nusu. Peke yake. Sahani ya makande imepoa miguuni. Na katika ule ukimya wote wakasikia kr-kr-kr.

"Daktari," alisema Dorkas, "na huyu je?"

Lukia akaziba mdomo kwa kanga.

"Mzee, una nini?" aliuliza Ummy.

"Sina kitu."

"Kile kichupa kiko wapi?"

Eliufoo alitazama juu, akatazama chini. Pembeni yake Dorkas aliinua kichupa kilichokuwa dirishani, akakigeuza. Halikutoka hata tone.

"Kimeisha mapema," alisema Ummy. "Na mgonjwa anaumwa."

"Nilikuwa na jino," Eliufoo akasema hatimaye, kwa sauti ndogo kabisa.

"Baba Anaeli. Umekunywa dawa ya sungura?"

"Alikuwa ametulia."

"Na wewe ulikuwa umetulia," alisema Dorkas. "Sote tulidhani umeshiba."

Ummy hakucheka, ingawa shavu lilimtetemeka. "Mzee, dawa ya mnyama si ya mtu, kama ya mtu isivyo ya mnyama. Ungeweza kujidhuru, na huyu alikuwa anakufa. Na maumivu hayalindi mshono. Yanamnyima chakula tu."

Akamchoma Shangazi sindano ya maumivu na kumwongezea maji mwilini. Akamwonyesha Dorkas jinsi ya kusaga majani yawe uji laini na kumlisha kwa bomba, kidogokidogo, pembeni ya mdomo. Eliufoo akaomba kushika bomba. Alilisha mpaka mikono ikanuka majani, akakaa pale na kigoda chake. Jioni Shangazi alinyoosha shingo, akavuta jani mwenyewe. Baadaye sauti ya Eliufoo ikasikika mpaka kwa Lukia.

"Mama Anaeli, njoo. Amekunya. Makubwa, ya duara."

Hakuna aliyewahi kumsikia mzee wa kanisa akitangaza mavi kwa furaha namna ile.

Kesho yake Eliufoo alisimama mlangoni kwa Hezroni, shavu limevimba.

"Nisindikize Same," alisema. "Na nisamehe."

Hezroni alilikagua lile shavu pande zote, akifaidi. "Nilichokililia ni kuiona sindano tu, bwana. Ganzi ilipoingia, hata sikujua jino limetoka saa ngapi. Ungeniuliza badala ya kuniiga."

Waliporudi, watu walikuwa barabarani. Wawili walileta viti kweli. Eliufoo aliwapungia mkono, mdomo umekufa ganzi, mate yakimtiririka kidevuni. Hezroni akamfutia.

Wiki hiyo aling'oa waya wa banda na kuweka mianzi laini iliyokaribiana. Shangazi alipona, akabaki na mwendo wa kuchechemea kidogo na dharau ileile. Watoto walinenepa.

Walipofikia umri wa kuacha kunyonya, Lukia alikuja na tenga kuchukua majike wake. Akamwinua wa kwanza vizuri, mkono kifuani, mkono matakoni. Wa pili alikaa kimya pembeni.

"Huyu ni mpole," alisema Lukia. "Ametulia sana."

"Ngoja," alisema Eliufoo. Akachuma jani la kiazi, akalisogeza.

Sungura mdogo akalinyakua, akalitafuna mpaka kikonyo, kisha akamng'ata Eliufoo kidole.

Eliufoo akapiga kelele bila aibu yoyote. "Huyo ni mpole," alisema akinyonya kidole. "Mchukue."