Maji ya Wasiokuwepo

Kila alfajiri, adhana ikishamalizika, mnara wa Kichangani ulianza kuwaita watu walioondoka zamani.

"Nyumba ya Mzee Faki, maji yenu tayari." Maji yakatiririka ndani ya nyumba iliyofungwa, yakajaza tangi, na yale ya jana yakarudi mnarani kusafishwa upya. "Nyumba ya Bi Mgeni, maji yenu tayari." Mwisho kabisa: "Nyumba ya Akida, maji yenu tayari."

Akida alikuwa mtoto pekee wa Mhandisi Ruzuna, na Ruzuna ndiye aliyekuwa mkazi wa mwisho wa mtaa ule.

Mnara huo uliitwa kivunaukungu. Nyavu zake, nyembamba kuliko unywele, zilinasa unyevu wa hewani juu ya vilima vya Tanga Mpya, mji uliojengwa baada ya bahari kuumeza ule wa zamani. Bi Salha Mbaruku, tajiri aliyeujenga, aliuweka wakfu kwa majirani zake wa Kichangani na vizazi vyao. Fungu la nyumba itakayokatika kizazi liwe la mafukara. Hakutaka wakfu wake uliwe na walafi, kwa hiyo aliukabidhi kwa akili unde iliyoitwa Mtawalia, isiyolala wala kuhongeka.

Kisha Kichangani nzima, isipokuwa Ruzuna aliyebaki kuutunza mnara, ikapata kazi katika machimbo ya mwezini. Merikebu ya anga iliyowabeba ilipita nyuma ya mwezi, na haikusikika tena. Mabaki yake hayakuonekana. Kwa sheria, aliyepotea huhesabiwa yu hai na haki yake hulindwa, mpaka kadhi ahukumu kwamba amekufa. Kadhi wa mji hakuhukumu bila jamaa kufungua shauri, na jamaa aliyebaki alikuwa Ruzuna peke yake. Miaka ilipita, hakulifungua.

Ukame ulipozidi bara, wahamaji walifika wakapiga kambi nje ya ukuta wa mtaa. Kila siku Ruzuna aliwapelekea fungu lake la maji, akajibakishia la kunywa na kutawadha. Halikuwatosha.

Asubuhi moja alimkuta Mwajabu, mama kijana kutoka Kondoa, amekaa karibu na lango, mikono yake imejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uko hapa peke yako?"

"Baba mkwe amefariki. Tumemzika sasa hivi."

"Mngeniita, nikawapa maji ya kumwoshea."

"Tuliita sana, mama. Ulikuwa juu mnarani. Maji ya jana walikunywa watoto." Mwajabu alitazama viganja vyake. "Tumemtayamamisha. Wakati tunampaka vumbi usoni, tulikuwa tunasikia maji yakijaa huko ndani, na ile sauti ikiita watu."

Ruzuna alirudi mnarani, akasimama mbele ya Mtawalia.

"Wafungulie walioko nje."

"Siwezi, Bi Ruzuna," Mtawalia ilijibu kwa upole. "Haya ni amana ya wasiokuwepo."

"Wewe unaamini wako hai?"

"Mimi siamini chochote. Nalinda tu. Wa kuomba hukumu ni wewe, nawe hujaomba."

Mchana huo alikwenda mahakamani kwa Kadhi Mbwana, mzee mwenye sauti ya chini, aliyemfahamu tangu siku merikebu ilipopotea.

"Nilikuwa nakungoja, dada yangu," kadhi alisema. "Lakini sikuwa na haki ya kukuita."

"Nikisema amekufa, kisha kesho akabisha hodi?"

"Hukumu itatenguka, na atapewa haki yake. Sheria imemwachia mlango."

"Siulizi habari za sheria."

"Najua," kadhi alisema.

Kwenye chumba kile palikuwa na feni inayozunguka na karani aliyeinamisha macho. Ruzuna aliliweka sawa shungi lake, jambo alilolifanya kila alipotaka sauti yake isitetemeke. "Mwanangu Akida, abiria wa merikebu ile," alisema. "Naomba ahesabiwe amekufa." Hukumu juu ya abiria mmoja ilikuwa hukumu juu ya wote. Karani aliisoma kwa ufupi, na majirani wote wa Kichangani wakawa marehemu, isipokuwa yeye.

Alfajiri iliyofuata mnara haukuita mtu. Ruzuna alikaa juu ya mswala, masikio yake yakilitafuta lile jina la mwisho, na kimya kikapita mahali pake. Halafu akasikia lango likifunguka, maji yakianguka kwenye mabirika ya nje, na watoto wakigombania zamu.

Jioni Mwajabu alikuja na ndoo ambayo hakuweza kuibeba vizuri. Alimkuta Ruzuna barazani.

"Nimekuletea wewe, mama. Leo ni zamu yetu." Akatazama ng'ambo ya njia. "Ile nyumba ya mlango wa kijani ni ya nani?"

"Ni ya..." Ruzuna alisita. "Ilikuwa ya mwanangu."

Mwajabu aliitua ndoo chini.

"Mungu amrehemu."

Kwa miaka yote ile watu walikuwa wakimwombea Akida arudi. Hakuna aliyewahi kumwombea rehema. Ruzuna aliingojea hasira ipande kifuani, haikupanda. Uliokuja ulikuwa msiba, mzito zaidi, na ulikuwa wake.

"Amina," alisema, akainuka kushika mpini wa ndoo pamoja naye.